Kiboko wa Mezani

Jumapili ile nilitoka kanisani kabla ya baraka ya mwisho, na anayemjua shangazi yangu Natalia anaelewa hilo ni kosa la kiasi gani. Lakini hasira niliyokuwa nayo haikutaka kumsubiri padri amalize matangazo. Nilishika njia ya sokoni na viatu vyangu vya misa, vumbi la Mpanda likanipanda mpaka magotini, na kila aliyenisalimia nilimwitikia bila kusimama.

Nilikuwa namfuata Fredrick.

Jana yake washenga wake walikuja nyumbani kwetu Kawajense kuniposa, wakaondoka bila kula. Wali wa Usevya ulibaki sufuriani, kuku wakabaki na mchuzi wao, migebuka, samaki wa ziwani, niliyoikaanga tangu asubuhi ikapoa ikiwa sahanini. Baba yangu, mzee Celestin, aliinuka kwenye kiti wakati mshenga bado anaongea, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Tangu hapo hakusema neno na mtu. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya pazia nikisikiliza, maana msichana anayeposwa hakai sebuleni, kwa hiyo nilisikia vizuri kabisa kilichomwinua. Nilijua na kilikotoka. Kilitoka kinywani mwangu, nikampa Fredrick peke yake, naye akakitembeza mji mzima.

Usiku kucha alipiga simu. Sikupokea. Mambo mengine hayasemwi kwa simu, yanahitaji mtu umtazame usoni ili aone jinsi alivyokuumiza.

Nilijua nitamkuta wapi. Jumapili baada ya misa Fredrick huwa stoo kwa Lukmani, nyuma ya duka la magodoro, kwenye mchezo wao. Ni mwalimu wa jiografia, mtu mzima mwenye ndevu, na huo mchezo aliutoa chuoni Iringa. Si karata wala bao. Watu wanaizunguka meza, mmoja anasimulia, na siku zote ni Fredrick, akiwa amejificha nyuma ya kipande cha boksi ili wasione alichopanga. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kuigiza: askari, mganga, mfanyabiashara. Anawapa misheni. Ukitaka kufanya jambo unalisema, kisha unarusha dadu lenye nyuso ishirini. Namba ikiwa kubwa, jambo lako limenyooka. Ikiwa ndogo, limekuharibikia.

Kwao yalikuwa yanaharibika kila wiki. Walitumwa kumwokoa mfalme, wakachoma ikulu na mfalme akiwa ndani anaoga. Walitumwa kumkamata mwizi wa ng'ombe, wakafungwa wao, na ng'ombe akawa shahidi. Fredrick alikuwa akija kibarazani ninaposhonea nguo, ananisimulia, na mimi nacheka mpaka nashona mkono wa shati shingoni. Sitasema uongo, nilimpendea hapo hapo. Mwanaume anayeweza kukuchekesha huku anakutazama kana kwamba wewe ndiye unayechekesha, hao si wengi.

Nilipofika mlango wa stoo nilisikia sauti ya Dulla.

"Mimi kiboko namwimbia. Ya taratibu, ya mapenzi. Atalegea tu."

"Rusha," Fredrick akasema.

Dadu likagonga meza, wote wakaangua kicheko.

"Mbili," alisema Lukmani. "Mwanangu, kiboko kakasirika zaidi."

Nilisukuma mlango. Walikuwa wanne: Lukmani mwenye duka, mke wake Zuleha, Dulla, na Fredrick nyuma ya boksi lake. Dulla ni mnadishaji wa mitumba, yule mwenye kipaza sauti ambaye sokoni humsikii mwingine akiwepo. Huyo ndiye ambaye Fredrick alimtuma kwa baba yangu kuwa mshenga, kwa sababu mezani hakuna anayemshinda mdomo.

Fredrick alisimama. "Ceci. Nimekupigia sana."

"Kaa. Endeleeni. Nimekuja kuona mnavyomcheka ndugu yangu."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa yeye. Niliona uso ukimsawijika, na badala ya kunipoza, hilo lilinichochea zaidi.

"Shem," alianza Dulla, "kama ni mambo ya jana, mzee alishikwa na tumbo. Nilimwambia mwalimu, tumbo tu, tutarudi tena."

"Tumbo. Baba yangu alikuuliza nini ulipokaa?"

"Aliniuliza habari za njiani."

"Na mtu akiulizwa habari za njiani ugenini anajibu nini, Dulla?"

"Njema."

"Wewe ulijibu nini?"

Dulla alimtazama Lukmani, Lukmani akatazama magodoro.

"Shem, nyie pale ndani mlikuwa kimya sana. Mzee hacheki, shangazi yako hacheki, yule mjomba wa mwalimu kutoka Kibaoni anatazama viatu vyake. Mimi kimya kinanitisha. Nikaona niwachangamshe kidogo."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa... nilisema njiani tumekutana na kiboko. Kwamba mwenzetu mmoja alirudi mtoni kufuata dumu la maji, kiboko akamtokea, akamkimbiza mpaka suruali ikabaki mdomoni mwa kiboko. Basi, utani tu."

"Dulla," Fredrick alisema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu tena. "Ulimwambia hayo mzee Celestin?"

"Si misheni yetu? Mbona kila siku tunaicheka?"

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Na kwani ina nini?"

"Hakuwaambia," nilisema. "Haya, waambie sasa, mwalimu. Si wewe msimulizi wa mji huu? Simulia."

Fredrick aliangalia chini, nyuma ya lile boksi. Basi nikasimulia mimi, nimesimama, mkoba wa misa ukiwa bado begani.

Niliwaambia kwamba nilikuwa na kaka, Isidori, aliyekuwa ameoa mwaka ule ule tuliompoteza. Kwamba zamani tulikaa Usevya, tukilima mpunga ng'ambo ya mto Kavuu. Kiangazi mto unapungua, watu wanavuka kwa miguu, na viboko wanabanana kwenye madimbwi yaliyobaki wakiwa na hasira zao. Asubuhi moja baba na Isidori walivuka salama. Walipofika ng'ambo, baba akaona dumu la maji ya kunywa limesahaulika upande wa nyumbani. Akamwambia Isidori arudi akalilete. Isidori akarudi.

"Hakukuwa na suruali mdomoni," nilisema. "Tulimzika na hatukuruhusiwa kumwona. Baba hakuuvuka tena ule mto. Aliacha shamba, akatuhamishia mjini. Nyumbani kwetu neno dumu halitajwi, tunasema chombo cha maji. Na jana, siku ya kuposwa mimi, mtu amekaa kwenye kiti cha baba yangu akamsimulia kifo cha mwanawe kama kichekesho."

Zuleha alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Cecilia, mdogo wangu," alisema taratibu, "mimi kwenye hii misheni nilikuwa nauza mahindi ya kuchoma pale ukingoni. Nawauzia watu wanaotazama."

Hakuna aliyecheka. Dulla alikuwa ameinamisha kichwa.

"Sisi hatukujua," alisema Lukmani. "Wallahi. Tena hii misheni tumeichoka. Tunashindwa, tunamwambia mwalimu tuletee nyingine, hataki. Jumapili ikifika anaturudisha mtoni. Mimi nimeshajifunga kamba mguuni kwangu badala ya mguuni kwa yule kijana, nikavutwa mimi. Dulla anaimba. Zuleha anauza mahindi. Tunamrudisha kijana majini kila wiki, na kila wiki anakufa."

Nilimgeukia Fredrick. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia aseme kitu chochote ambacho kingeniruhusu nisimpige.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Nilitaka atoke."

"Nani?"

"Isidori. Nilitaka mara moja tu atoke, hata kama ni hapa mezani." Alikuwa akilizungusha lile dadu vidoleni. "Siku ile unanisimulia mvua ilikuwa inanyesha, ukalia, na mimi sikujua la kufanya. Nilikushika mkono tu. Nilirudi nyumbani najiona mwanaume wa bure. Nikachora ramani, nikaweka mto, nikawaza hawa wana akili, watapata njia. Nilikuwa nije nikuambie tumempata. Wakawa wanaharibu, wanacheka, na mimi..."

"Na wewe ukacheka."

"Na mimi nikacheka."

Angalau hakunidanganya. Niliyatazama macho yake, yale yale yaliyonitazama siku ya mvua, na moyo ukanigeukia vibaya, maana niliona anasema kweli. Hapo hasira yangu ikapanda. Ni rahisi kumkasirikia mtu mbaya. Mtu mwema aliyekuumiza kwa upumbavu anakuachia hasira usiyojua uiweke wapi.

"Nani alikuomba Isidori wa mezani?" nilisema. "Nilikupa siri, Fredrick. Sikukupa mchezo. Nilitaka unishike mkono, na ulinishika, ilikuwa inatosha. Kwa nini nyie wanaume hamridhiki na kinachotosha?"

"Nisamehe."

"Sitaki. Dulla, nipishe."

Dulla aliruka kwenye kiti. Nikakaa, nikaweka mkoba mezani juu ya ramani yake. Alikuwa ameuchora Kavuu vizuri, kwa rangi ya bluu, na dimbwi, na ng'ambo mashamba ya mpunga. Hilo nalo lilinichoma.

"Nipe mtu wa kuigiza."

"Ceci, tuache."

"Nipe."

"Utakuwa nani?"

"Baba."

Zuleha aliita jina langu kwa sauti ya chini. Fredrick aliweka dadu mezani, akalilaza lile boksi chini. Sikuwahi kumwona akisimulia bila boksi.

"Mmevuka," alianza. "Asubuhi, jua bado halijachoma. Mko upande wa mashamba. Unatazama mzigo, unaona dumu limebaki ng'ambo. Mwanao ameliona pia. Ameshakunja suruali. Anakutazama. Anasema, 'Baba, nirudi nikalilete?'"

Wengine wote walikuwa wameanzia kwa kiboko. Mkuki, kamba, wimbo. Mimi sikuwa na haja naye.

"Namwambia aliache."

Lukmani, kwa mazoea tu, alinisogezea dadu. Fredrick aliuweka mkono wake juu yake.

"Hapana," alisema. "Hilo halirushiwi."

Akaendelea. "Anasema, 'Baba, tutakunywa nini mchana kutwa?'"

"Tutavumilia kiu. Tutawahi kurudi. Mwambie aliache, Fredrick."

"Ameliacha. Amechukua jembe. Ametangulia shambani."

Nililia pale pale, mbele ya magodoro ya Lukmani, kilio cha aibu chenye kamasi. Fredrick alinyoosha mkono, nikaupiga kofi. Zuleha akanipa ncha ya mtandio wake nikajifutia. Nilipomaliza nilisimama.

"Sasa inuka."

"Twende wapi?"

"Kwa baba. Wewe. Bila Dulla."

"Ceci, mposaji haendi mwenyewe kwa wakwe. Mila hairuhusu."

"Mila hairuhusu na kiboko sebuleni. Inuka."

Tulitembea mpaka Kawajense bila kusemezana, mimi mbele, yeye nyuma. Njiani alijaribu mara moja.

"Akinifukuza?"

"Atakuwa na haki."

"Na wewe?"

"Mimi bado sijaamua, usiniharakishe."

Shangazi Natalia alikuwa uani anapepeta mchele. Alimtazama Fredrick kuanzia viatuni, akapanda taratibu, alipofika usoni akawa ameshahukumu.

"Huyu ndiye mwalimu?"

"Ndiye, shangazi."

"Mwanaume mzima anayecheza vidadu. Nilimwambia kaka yangu toka mwanzo, mtu wa hivyo atakulisha hadithi. Na wewe umetoka kanisani kabla ya baraka."

"Baba yuko wapi?"

Hakuwa na haja ya kujibu. Mlango ulifunguka, baba akasimama kizingitini na kanzu yake ya kulalia, ndevu hazijanyolewa. Alionekana amezeeka tangu jana. Fredrick aliinama mpaka nikadhani anatafuta kitu chini.

"Shikamoo, mzee."

Baba alimpima kwa macho. Kisha, kwa sababu mgeni ni mgeni hata ukimchukia, na kwa sababu hakulelewa vinginevyo, akaitikia.

"Marahaba. Habari za njiani?"

Jibu ni moja tu, linajulikana na mtoto wa darasa la kwanza. Nililiona likimfika Fredrick mdomoni, kisha akalirudisha.

"Si njema, mzee. Nilipotea mimi, nikawapoteza na niliowatuma. Hadithi ya jana si ya Dulla. Ni yangu. Cecilia alinipa kwa siri, nikaifanya mchezo. Nia yangu ilikuwa kijana atoke majini. Hatukuweza hata mara moja, na tulikuwa tunacheka. Nimekuja useme mbele yangu unalotaka kusema."

Ungo wa shangazi ulikuwa umesimama. Baba alimtazama, na mimi nikamjua yule baba wa Usevya, aliyekuwa na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo. Nilidhani atamfukuza. Kwa kweli nilidhani atampiga.

"Mlifanyaje?" aliuliza.

"Mzee?"

"Kumtoa. Mlifanyaje?"

"Mikuki. Kamba. Mmoja alimwimbia."

"Kiboko haimbiwi."

"Ndiyo, mzee."

"Mkuki ni kumuudhi tu." Baba alishika fremu ya mlango. "Watu wazima, mmekaa mezani, mnayo nafasi, hamfukuzwi na mtu. Hakuna hata mmoja aliyewaza kumwambia asirudi?"

Fredrick alinitazama. Sikumsaidia.

"Leo amepatikana mmoja," alisema.

"Nani?"

"Cecilia."

"Katika huo mchezo wenu Cecilia ni nani?"

"Alikuwa wewe, mzee."

Baba alishuka taratibu akakaa kwenye ngazi. Sikuwahi kumwona amekaa chini mbele ya mgeni. Alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena.

"Na alisikia?" aliniuliza mimi, hakumuuliza Fredrick. "Isidori. Ulipomwambia, aliliacha?"

"Aliliacha, baba. Alichukua jembe akatangulia shambani."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kidogo kidogo.

"Alikuwa msikivu sana," alisema. "Ungemwambia lolote angefanya." Kisha, kwa sauti niliyolazimika kuinama kuisikia: "Halikuwa hata limejaa, Cecilia. Lile dumu. Lilikuwa nusu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia baba akilitaja neno hilo tangu tuhame. Nilikaa kwenye ngazi karibu naye. Shangazi Natalia aliingia ndani haraka, na wote tulijua anakwenda kulia asikoonekana.

Fredrick alibaki amesimama juani, hajui mikono aiweke wapi. Baba alimwinulia uso, na macho yalikuwa yamelowa lakini makali vile vile.

"Sijakusamehe, kijana."

"Ndiyo, mzee."

"Usidhani nimekusamehe. Na mjomba wako wa Kibaoni aje tena, aje na mtu anayejua kujibu salamu." Akapangusa macho. "Kaa chini. Natalia, kile chakula cha jana kipo?"

Kilikuwepo. Wali ulipashwa ukashika chini, migebuka ikawa migumu, na Fredrick aliletewa kigoda mbali kidogo na baba, mahali pa mtu ambaye kesi yake haijaisha. Nilichukua jagi na beseni, nikapiga goti mbele yake kumnawisha, kama mgeni anavyonawishwa. Alinyoosha mikono. Aliinua macho kunitazama, nikayakwepa, nikayarudia mwenyewe.

"Umeamua?" aliuliza chini chini.

"Nawa," nilisema, na nikammwagia maji mengi, mpaka mikono ya shati lake la Jumapili ikalowa hadi viwikoni, naye hakuirudisha.